Walaji wa Bustani za Mnyuzi

Kwa anayetoka Dar es Salaam, njia nyepesi ya kufika Mnyuzi ni kushuka Hale. Basi la Tanga likishafika Segera na kukata kulia, safari iliyobaki ni fupi. Machungwa uliyonunua dirishani utayamalizia juu ya bodaboda. Kutoka Hale unaingia barabara ya udongo, mkonge kushoto, mkonge kulia, kisha mahindi na mihogo ya watu, na kwa mbele milima ya Usambara Mashariki imesimama kijani mpaka juu. Nilikwenda mwezi wa tano, masika yakiwa ukingoni na mahindi yameanza kubeba. Huo ndio msimu ambao mkulima wa Mnyuzi halali vizuri.

Watu wa reli wanaijua Mnyuzi kuliko watu wa barabara. Reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893 ilifika Muheza 1896 na Korogwe 1902, na Mnyuzi iko katikati ya hizo mbili. Mwaka 1963 reli ya kutoka Ruvu ikaletwa kuungana na hii ya zamani pande hizi hizi, na ndipo treni ikaweza kutoka Dar es Salaam kuja kaskazini. Lakini safari hii reli haikuwa shida yangu. Nilikwenda kuangalia bustani.

Mwenyeji wangu ni mama mkubwa, dada yake mama. Analima kipande cha mboga chini ya nyumba, kando ya kijito: mchicha, bamia, nyanya chungu, matembele, kunde, na mistari michache ya mahindi ya kuchoma. Anauza siku ya gulio, na siku nyingine mama lishe wanamfuata nyumbani. Dawa za dukani hatumii. Wala hajafika hapo kwa semina ya kilimo hai. Anasema dawa za dukani ni za wadudu, na wanaomtia hasara yeye wana miguu minne.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri, jana walipita."

Hakusema ni akina nani, na sikuhitaji kuuliza. Nilipoweka begi tu akamwita jirani yake, mzee aliyewahi kuwa mkata mkonge, ambaye kila mtu pale anamwita Babu, tukateremka wote bondeni.

Babu hakuangalia ardhi kwanza. Aliinama kwenye tuta la bamia, akachuma jani moja na kunionyesha ukingo wake. Ulikuwa umechanika ovyo, vinyuzinyuzi vya jani vinaning'inia. "Huyu hana meno ya juu," akasema. Na ndivyo ilivyo: paa, pongo, mbuzi na ng'ombe hawana meno ya mbele kwenye taya la juu. Mnyama analibana jani kati ya meno ya chini na ufizi mgumu wa juu, halafu anavuta, kwa hiyo jani linachanika, halikatiki. Hatua chache mbele, miche ya kunde ilikuwa imekatwa mshazari, safi kabisa, mithili ya iliyopitiwa na wembe. Huyo alikuwa sungura, mwenye meno ya mbele juu na chini. Hapo sasa ndipo Babu alipotazama chini: kwato mbili mbili zenye ncha, ndogo, hazizidi urefu wa kidole gumba. "Paa. Angekuwa pongo angekula mpaka huku," akajigusa kiunoni.

Tukaendelea kutembea, na kila mlaji alikuwa ameacha saini yake. Mihogo iliyofukuliwa na udongo kupinduliwa ni nguruwe pori. Boga lililotafunwa upande mmoja, likiwa na mikwaruzo miwili miwili ya meno mapana, ni nungunungu. Suke la hindi lililomenywa, likang'atwa mara moja na kutupwa, kisha la pili, kisha la tatu, ni ngedere. Mama mkubwa, aliyekuwa kimya muda wote, hapo akashindwa kuvumilia. "Nguruwe anakula anamaliza," alisema. "Ngedere anaonja shamba zima."

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu watu wengi wanaolalamika kwamba dawa ya asili haifanyi kazi hawajui wanamfukuza nani. Pilipili inayomrudisha paa haimshughulishi ngedere, kwa kuwa ngedere anamenya ganda ulilolipulizia na kulitupa. Ua la matawi linalomsumbua paa, nguruwe analipita kwa pua. Na kelele zinazomkimbiza nguruwe usiku hazimhusu sungura aliyelala ndani ya majani ya matembele mchana kutwa.

Usiku, tukiota moto, nikawasimulia habari za dada yangu. Anaishi Maryland, Marekani, na nyuma ya nyumba amelima mchicha na maboga kwa ajili ya majani yake. Adui yake ni kulungu wa kule, wale wenye mkia mweupe na madume yenye pembe za matawi, ambao wamezoea watu kiasi kwamba wanaingia uani mchana. Sisi huku wanyama wa jamii hiyo hatuna. Afrika nzima, wa asili wako Algeria na Tunisia tu. Lakini dawa wanazojaribu Wamarekani zilimchekesha mama mkubwa kwa kuwa nusu yake anazijua: kutundika vipande vya sabuni ya kunukia mitini, kutawanya nywele zilizokusanywa kwa kinyozi, kukoroga mayai na maji mpaka yaoze kisha kunyunyizia majani, vitunguu saumu, damu iliyokaushwa na kusagwa. Ulaya mafuta ya kondoo yamekubaliwa rasmi kama dawa ya kupaka miche ili kulungu asiiguse. Katika majaribio mengi yaliyofanywa huko, mayai yaliyooza yamekuwa miongoni mwa dawa zilizofanya vizuri. Inadhaniwa kuwa harufu ya kitu cha mnyama kinachooza inamfanya mla majani ahisi kuna mla nyama jirani. Sabuni na nywele matokeo yake ni ya kubahatisha. Mama mkubwa alisikiliza yote, akauliza bei ya yai Marekani, akatikisa kichwa. Kwake trei moja ya mayai ni pesa ya daftari za wajukuu.

Babu nikamhifadhia habari ya Wajapani, kwa kuwa inahusu reli. Kulungu wa Japani hupenda kulamba chuma cha reli, na treni zinawagonga. Mwaka 2018 watafiti wa reli wa Tokyo walijaribu kufunga kipaza sauti kwenye treni, kikitoa kwanza mlio wa kulungu anayewaonya wenzake, kisha mbweko wa mbwa. Babu alifikiri kidogo.

"Na mbwa mwenyewe wamemweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Lile swali lake nimekaa nalo kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma kuhusu dawa za kufukuza wanyama.

Asubuhi tukatengeneza dawa ya mama mkubwa. Pilipili kichaa zilizokauka, vikombe viwili. Vitunguu saumu vichwa vitatu. Majani ya mwarobaini, viganja vinne. Vyote vinatwangwa pamoja kinuni, na anayetwanga anakaa upande upepo unakotoka, uso ameugeuza. Vinaingia kwenye ndoo ya lita 10 ya maji, inafunikwa na kuachwa mpaka kesho yake. Kwa hiyo tuliyotumia siku ile ilikuwa ya jana. Yetu ikabaki kivulini. Ile ya jana aliichuja kwa kipande cha kanga kuukuu, akakwangua sabuni ya mche na kuikoroga ndani ili dawa ishike jani isiteleze. Bomba la mgongoni hana. Anachovya fagio la chelewa kwenye ndoo na kurashia, tuta kwa tuta, jioni jua likiwa limepoa. Ukirashia mchana majani yanaungua.

Ukali wa pilipili unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo inaamsha neva zile zile zinazohisi moto. Karibu wanyama wote wanaonyonyesha wanaisikia: paa, nguruwe, tembo, binadamu. Ndege hawaisikii kabisa, na ndiyo maana utawaona wakila pilipili kichaa mtini bila wasiwasi na kusambaza mbegu zake. Basi ukipulizia pilipili dhidi ya kwelea unapoteza pilipili. Dhidi ya paa inafanya kazi, tena vizuri. Usiku ule paa alikuja, nyayo tuliziona asubuhi. Alionja bamia ya pembeni, jani moja, akaondoka. Chakula cha mchana tulikula mchicha uliooshwa mara mbili, na hakuna aliyeomba pilipili mezani.

Jioni yake mvua ikanyesha, ikaosha kila kitu. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa dawa zote za kurashia, iwe ya pilipili, ya mwarobaini au ya mayai ya Maryland. Mboga na mahindi vinanawiri masika, wanyama wanavifuata masika, na masika ndiyo wakati ambao dawa haikai juu ya jani. Mama mkubwa anarudia kila baada ya mvua, maana yake kuna wiki anarashia kila siku. Yeye mwenyewe anajua hesabu yake: pilipili anaotesha, mwarobaini uko uani, vitunguu saumu ananunua. Kinachomwishia ni mgongo.

Kwa miche ya michungwa ana njia inayodumu zaidi. Mavi mabichi ya ng'ombe yanachanganywa na majivu na maji kidogo mpaka yawe uji mzito, kisha anapaka shina na majani ya chini kwa mkono. Yakikauka yanashika, hata mvua ndogo haiyatoi. Mbuzi hawezi kuligusa jani lenye mavi, na paa vivyo hivyo. Wanyama wanaokula majani hukwepa chakula kilichochafuliwa na kinyesi, nayo ni kinga yao dhidi ya minyoo. Kwa mboga ya kula, bila shaka, njia hii haifai, na nimewahi kuona watu wakiisifu bila kusema hivyo.

Ukiachana na dawa, kuna dungu. Pale Mnyuzi madungu bado yapo: nguzo nne, jukwaa la fito, kiezi cha nyasi, na kamba za katani zinazotoka jukwaani kwenda pembe zote za shamba, kila kamba imefungiwa debe lenye mawe. Mlinzi akivuta kamba, debe linalia kule mbali ambako mnyama hakutegemea. Kombeo liko mapajani. Kuamia shamba namna hii ni ufundi wa zamani sana pwani yetu na bara yake, na nimekaa dunguni asubuhi moja nikaona ulivyo mgumu. Ngedere hawaji wakati unawasubiri. Wanakaa kwenye mti mkubwa ukingoni mwa pori, mmoja akiwa juu kabisa anakutazama. Ukisinzia wanashuka. Ukishuka kwenda kunywa maji wanashuka. Wenyeji wanasisitiza kwamba ngedere anamjua mwanamume, mwanamke na mtoto, na kwamba mtoto hamkimbii mpaka jiwe limpate. Hilo la kumjua mtoto nililiona kwa macho yangu. Dungu la shamba la jirani lilikuwa na kijana wa darasa la nne, saa nne asubuhi, siku ya Jumanne. Alirusha jiwe, ngedere akalitazama likipita.

Hili la nani anakaa dunguni lina historia, na si nzuri. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 kuhusu Uzaramo kabla ya Vita vya Maji Maji vya 1905. Alionyesha jinsi utawala wa Wajerumani ulivyobana uwindaji na kuwachukua wanaume kwenda kufanya kazi mbali, nguruwe pori wakazidi, na wanawake wakabaki peke yao na mashamba. Kilimo kinachohitaji watu wengi wa kuamia kilikuwa kimeondolewa watu. Tanga na Korogwe zilikuwa na pampu yao ya kuwavuta wanaume, nayo ni mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida. Miche 1,000 ilisafirishwa, ikafika hai 62, na kutoka kwa hiyo 62 likazaliwa zao lililoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000. Miaka ya tisini mwishoni ilikuwa imeshuka hadi kama tani 20,000. Babu alikuwepo wakati wa kushuka kwake, na anasema jambo ambalo sijalisoma popote: vitalu vya mkonge vilipoachwa viote magugu, ndipo nguruwe walipopata nyumba karibu na mahindi. Zamani ilibidi watoke mlimani. Siku hizi wengine wanatoka ng'ambo ya barabara.

Mkonge huo huo lakini ni ua zuri. Ukipanda vikonyo vyake kwa mistari miwili iliyopishana, vikikua miiba ya ncha inafanya kazi usiku na mchana bila mshahara, na haihitaji maji wala dawa. Nimeona ua wa namna hiyo umezunguka shamba la nyanya chungu lisilo na nyayo hata moja ya paa ndani yake. Ubaya wake upo. Unangoja miaka miwili au mitatu ufunge, na mkonge ukishatoa mlingoti unakufa na kuacha tundu, kwa hiyo lazima uwe unapanda mwingine. Na nguruwe, kama kuna mwanya wa kupitisha kichwa, mwili utafuata. Wengine wanajaza mianya ya chini kwa mbono au kwa minyaa, ambayo utomvu wake mweupe hakuna mnyama anayeutaka. Minyaa ipandwe mbali na watoto. Utomvu ukiingia machoni ni hospitali.

Wakati wa kurudi nilisimama Segera, upande wa Handeni, ambako ardhi ni kavu zaidi na vichaka ni vya miiba. Huko mlaji mkubwa wa bustani ni digidigi, mnyama mdogo asiyefika goti la mtu mzima, nao hutembea wawili wawili. Mkulima mmoja, kijana aliyewahi kufanya kazi Tanga mjini, alikuwa amezungushia kunde zake nyavu chakavu za kuvulia alizonunua kwa wavuvi. Hakuzivuta zikakaza. Amezilaza zilegee, chini zikiwa zimemwagika ardhini upande wa nje. Digidigi akikanyaga kitu kinachomshika mguu hasogei tena. Ni ubunifu wa bei rahisi, ila nilimwomba azikague kila asubuhi, kwa sababu nyavu inayomshika digidigi inamshika pia kenge na kuku wa jirani.

Huyo huyo alikuwa na kamba za katani zilizopakwa pilipili na oili chafu ya gari. Njia hii ya kamba na pilipili imeenea Afrika kwa ajili ya tembo, na oili inawekwa ili mvua isiioshe pilipili. Inasaidia. Lakini oili chafu ina madini mazito na mabaki ya kuungua, inachuruzika ardhini, na shamba linalopakwa oili haliwezi kuitwa la kilimo hai kwa kipimo chochote. Nchi za Afrika Mashariki zina kiwango chao cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, chenye alama ya Kilimohai, na anayetaka kuuza kwa alama hiyo asiguse oili. Tope la mavi ya ng'ombe na pilipili linashika kamba karibu vile vile. Litarudiwa mara nyingi zaidi, basi.

Tembo si habari ya Mnyuzi sana. Wako upande wa Mkomazi, ambako ni hifadhi ya taifa tangu 2008, na wakulima wa Korogwe ya kaskazini wana hadithi zao. Kwa tembo kuna njia moja ya asili ambayo imethibitishwa kuliko nyingine zote: mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwa waya kuzunguka shamba, ili tembo akisukuma waya mizinga itikisike. Mtafiti Lucy King aliijaribu Kenya, Sagalla karibu na Tsavo, na tembo wanane kati ya kila kumi walioikaribia waligeuka. Sasa iko pia Tanzania, chini ya Udzungwa. Nilimweleza yule kijana wa Segera, kwa kuwa Handeni watu wanajua kufuga nyuki. Akasema kwa digidigi atakuwa anawasumbua nyuki bure. Kweli, digidigi atapita chini ya waya bila kuugusa.

Kuna njia nyingine, nayo haina uasili wowote, ambayo nilionyeshwa kwa kificho: ndizi iliyotiwa sumu na kuachwa ukingoni mwa shamba. Ngedere mmoja anakufa, kundi linakimbia kwa siku chache, halafu mbwa wa mtu anamla ngedere, au mwewe, au mtoto anaokota ndizi. Mitego ya waya nayo haichagui. Kwenye misitu ya Usambara Mashariki kuna funo ambao ni wachache, na waya uliotegewa nguruwe unawanasa wao. Kumuua mnyamapori bila kibali ni kosa la jinai, mkulima anayesumbuliwa aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Najua mtu wa Mnyuzi akisoma hapa atacheka, kwa umbali wa kwenda na nauli. Hata kifuta jasho, ile fedha ya serikali kwa waliofanyiwa uharibifu, kanuni zake za mwaka 2011 zililenga wanyama hatari kama tembo na kiboko. Sikumkuta mtu anayetarajia senti kwa ajili ya ngedere.

Kati ya yote niliyoyaona, kilichonishawishi zaidi hakikuwa dawa. Mama mkubwa, kwa miaka, ameihamisha bustani yake bila kuihamisha. Ukingo wa kijito, ambako wanyama wanaingilia, ameotesha pilipili kichaa mistari mitatu, kisha manjano na tangawizi. Katikati kuna nyanya chungu, ambazo uchungu wake unazisaidia. Mahindi na kunde, ambavyo kila mtu anavitaka, viko karibu na jiko kiasi kwamba akipuliza moto alfajiri moshi unapita juu yake. Ukingo wote wa nje amefyeka upana wa hatua kumi, kwa sababu paa na sungura hawapendi kuvuka uwazi. Mnyama mwenye njaa atafika tu, lakini lazima avuke uwazi, apite kwenye pilipili na manjano, kisha asogelee jiko lenye mtu na mbwa. Wengi wanaishia kwa jirani.

Na hilo ndilo tatizo linalofuata, nalo Babu alilisema bila kuzunguka: dawa nyingi za bustani, Mnyuzi au Maryland, kazi yake ni kumpeleka mnyama kwa jirani. Ukifanikiwa peke yako umemhamishia mwenzako hasara. Zamani, anasema, ukoo ulilima pamoja upande mmoja wa bonde, mbegu zikaingia wiki moja, mahindi yakakomaa wiki moja, na walaji wakagawana hasara kwa wote badala ya kummaliza mmoja. Madungu yalikuwa machache na zamu zilikuwa za watu wazima. Sasa kila mtu analima kipande chake kwa wakati wake, anayewahi analiwa wa kwanza na anayechelewa analiwa wa mwisho, na kila kipande kinahitaji mlinzi wake. Mlinzi wa bei nafuu kuliko wote ni mtoto.

Kwa hiyo nikiulizwa kama njia za asili zinafaa, jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba saa za anayerashia na anayeamia ziingizwe kwenye bei. Robo eka ya mama mkubwa inalipa kwa kuwa yuko nyumbani, ana mbwa, na shamba liko chini ya dirisha. Eka mbili zilizo mbali na nyumba, kando ya kitalu cha mkonge kilichoachwa, hazitalindwa na ndoo ya pilipili, na anayekuuzia wazo hilo hajawahi kulala dunguni.

Maafisa ugani wanaopita vijijini Korogwe na Handeni kufundisha mboji na dawa za wadudu waongeze somo hili, waanze na nyayo na majani yaliyotafunwa kabla ya kutaja dawa. Nawe msomaji, kama una bustani karibu na msitu au pori, kabla ya mvua za vuli kaa na majirani zako wa pande zote mkubaliane wiki moja ya kupanda na zamu za watu wazima za kulinda. Pilipili kichaa zipandeni sasa, ili wakati huo ziwe zimeshaanza kukauka.